Mkalimani Aliyesoma Madaftari Yangu

Kabla hajaanza kazi alisogeza kiti chake nyuma kidogo, kiasi cha unyayo mmoja, ili wale wawili wanaozungumza waonane uso kwa uso na yeye asikae katikati ya macho yao. Nilimwona akifanya hivyo mara ya kwanza nikiwa darasa la tatu, siku niliyompelekea baba chakula ofisini pale Newala. Dirisha la mahakama lilikuwa wazi, na mimi sijawahi kupita dirisha lililo wazi bila kuchungulia. Mshitakiwa alisema maneno yake kwa Kimakonde, hakimu aliyetoka Bukoba akasubiri, na yule mtu wa pembeni akasema kwa Kiswahili safi kabisa: "Mimi sikuiba mbuzi. Mbuzi alinifuata mwenyewe." Nilikimbia hadi nyumbani kumwambia mama kwamba mkalimani wa mahakama kaiba mbuzi na amekiri mbele ya watu.

Mama alicheka hadi akakaa chini. "Yule hasemi lake," akaniambia akifuta machozi. "Yule akisema 'mimi', si yeye."

Jina lake alikuwa nalo, lakini sikumsikia mtu akilitumia. Hata mkewe alimwita Mkalimani. Alizaliwa wapi sijui, wapo waliosema ng'ambo ya Ruvuma, wapo waliosema hapa hapa uwandani, na yeye akiulizwa alijibu, "Jambo hilo halijaletwa mbele yangu." Alijua Kimakonde, Kimakua, Kiyao, Kiswahili na Kiingereza cha mahakamani, na tena alijua Kireno ambacho hakuna aliyewahi kujua alikipata wapi. Kwa miaka mingi nilitaka kujua habari mbili zake. Ya kwanza ni hiyo ya Kireno, na hadi leo sijaipata. Ya pili ni kwa nini aliacha kazi ya mahakama wiki ileile aliyonisaidia kupata ruhusa ya mjomba wangu ya kuendelea na masomo, ruhusa ambayo bila hiyo nisingekuwa huyu niliye. Hii ya pili niliipata nikiwa tayari na mvi.

Kanuni yake ilikuwa moja: haongezi neno, hapunguzi neno. Mtu akikohoa katikati ya maelezo, alinyamaza kwa muda wa kikohozi. Mtu akitukana, alitukana, kwa sauti ileile ya chini aliyotumia kutaja tarehe. Hakimu mmoja alimwomba awe anafupisha, kwa sababu wazee wa huku wakianza kueleza kesi ya mpaka wa mikorosho huanzia kwa babu wa babu. Mkalimani alijibu, "Mheshimiwa, nikifupisha, kesi itakuwa yangu."

Kanuni hiyo ilimponza. Enzi za vijiji vya Ujamaa alikuja afisa mmoja kijana kutoka mikoa ya kaskazini, akaitisha mkutano kuwaeleza watu kwamba watahama mashambani wakakae pamoja kandokando ya barabara. Watu wengi walijua Kiswahili, lakini bibi vizee walitaka kusikia jambo zito kwa lugha yao. Afisa akasema, Mkalimani akafuatia kwa Kimakonde: "Mimi nitawahamisha. Asiyetaka, mimi nitabomoa." Bibi mmoja wa mstari wa mbele akainuka na fimbo yake. "Wewe? Wewe uliyekuwa unakuja kwangu kuomba mihogo leo utanibomolea mimi?" Mkalimani akamgeukia afisa na kutafsiri, bila kutikisika: "Wewe uliyekuwa unakuja kwangu kuomba mihogo leo utanibomolea mimi?" Afisa akaapa hajawahi kuomba mihogo kwa mtu. Hilo nalo likatafsiriwa, na bibi akazidi kuwaka, maana mihogo aliitoa kwa mikono yake. Ilichukua miezi bibi yule kuitikia shikamoo ya Mkalimani, na yeye hakwenda kujieleza. Nilipomuuliza kwa nini, alisema akianza kujieleza kwa mmoja itambidi ajieleze kwa wote waliowahi kumsikia.

Nisimfanye malaika. Sokoni hakuweza kununua hata fungu la nyanya. Akitajiwa bei aliirudia kwa sauti kana kwamba kuna mtu mwingine wa kuijibu, halafu akasimama. Mkewe ndiye aliyekwenda. Mke huyo alikuwa na mdomo, na akigombana na majirani Mkalimani aliangalia dari. "Lugha sita," mkewe alimwambia mama siku moja mbele yetu, "na nyumbani kwangu hana hata moja." Mkalimani alikuwa pia mdadisi kupita kiasi, afadhali mimi. Barua za watu alizosomewa au alizosoma alizikumbuka miaka, na alikuwa akiniuliza tena na tena habari za nyumba yetu ambazo hazikumhusu: baba yangu wa Tabora na mama yangu Mmakua waliposana kwa lugha gani? Nani aliinamisha kichwa kwanza? Akikuta ubishi popote, alisema, "Kwanza tuulize," akavuta kigoda.

Vita ya Msumbiji ilipopamba moto, watu walivuka Ruvuma na vifurushi vyao wakapanda mteremko hadi kwetu juu. Mkalimani akitoka mahakamani alikwenda pale walipoandikishwa. Nilikuwa darasa la saba, na kwa sababu zile zile za dirisha nilikuwepo. Mwandikishaji alikuwa na fomu, na katika fomu mlikuwa na nafasi ya kujaza taifa. Mama mmoja mwenye chale usoni, mtoto mgongoni, alisikiliza swali likitafsiriwa, kisha akauliza taifa ni kitu gani. Mkalimani akamrudishia mwandikishaji swali hilo. Mwandikishaji akaanza vizuri. "Taifa ni kule mtu anakotoka," akasema, halafu akaangalia chale za yule mama na chale za bibi mmoja wa Newala aliyeleta maji, zinafanana, na lugha wanayosemezana ni moja. "Hapana, ngoja," akasema. "Ngoja kidogo." Mkalimani naye akatafsiri: "Hapana, ngoja. Ngoja kidogo." Yule mama akajibu, "Nangoja."

Fomu ile sikumbuki ilijazwa nini. Ninachojua ni kwamba nilirudi nyumbani na swali la yule mama kichwani, na nilipofika chuo kikuu nikakuta kuna somo ambalo ndani yake watu wazima wanalipwa heshima kwa kuliuliza swali hilo hilo, nikajiandikisha.

Somo lenyewe liliitwa uhusiano wa kimataifa, na shida yake ya kwanza ilikuwa kuwaeleza watu. Baba aliwaambia makarani wenzake kwamba nasomea sheria. Mama aliwaambia wenzake ualimu, kwa sababu ualimu hauulizwi maswali. Jirani yetu mmoja aliamini nasomea kuhudumia abiria kwenye ndege na akaniagiza sabuni. Shida ya pili ilikuwa somo lenyewe. Halikuwa moja, yalikuwa sita: historia, uchumi, sheria, jiografia, siasa na lugha ya kigeni, kila moja na daftari lake na mhadhiri wake. Wa historia alisema vita hutokana na visasi vya zamani. Wa uchumi alisema hutokana na bei ya mkonge. Wa sheria alilaumu mikataba, wa jiografia akalaumu mito. Wanafunzi wa historia walituona sisi ni watu wa uchumi waliopotea njia, na wa uchumi walitupa pole. Mwaka wote wa kwanza nilijiona mgeni katika kila chumba nilichoingia, na nilikuwa nikilia bwenini, nasema kweli.

Likizo ilipofika nilirudi Newala na yale madaftari sita. Mkalimani akaja barazani kwetu siku ya pili.

"Shikamoo, Mkalimani."

"Marahaba, Binti Karani. Lete madaftari."

Aliyasoma alasiri tatu mfululizo, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na mahali asipoelewa alipita polepole zaidi badala ya kuruka. Mama alimletea chai, ikapoa. Siku ya tatu akayapanga magotini, moja juu ya jingine.

"Walimu hawa sita wanazungumza wao kwa wao?"

"Wanasalimiana tu," nikasema.

"Lakini wote wanazungumzia shauri moja."

"Ndiyo."

"Kila mmoja kwa lugha yake."

"Ndiyo."

"Sasa unalia nini?" akaniuliza, maana mama alikuwa ameshamwambia. "Hapo pana kazi. Umeshasogeza kiti?"

Sikumwelewa vizuri, naye hakufafanua, ila kesho yake alinipa kazi ambayo hakuna mhadhiri angethubutu kunipa. Niende kwenye bomba la maji, nikae tangu asubuhi na madaftari yote sita, niandike ninachokiona. Wanaoijua Newala wanajua maji yetu yako chini bondeni, na mashine ya kuyapandisha ikikorofisha, foleni ya madebe inapinda hadi barabarani. Nilikaa. Katika jiografia nikaandika urefu wa mteremko. Katika historia nikaandika nani aliweka bomba. Katika siasa nikaandika mke wa afisa fulani, ambaye debe lake halikupanga foleni.

Kama saa tano hivi akaja mama mmoja wa wale waliovuka mto, akasema ana msiba nyumbani. Desturi ya bombani ni kwamba mwenye maiti ndani hapangi foleni, wote mnampisha. Lakini aliyefariki alikuwa amefia ng'ambo, habari ndiyo iliyofika jana. Je, huo ni msiba wa hapa? Wanawake wakabishana. Mmoja akasema desturi ni kwa ajili ya kuosha maiti, na hapa hakuna maiti ya kuosha. Mwingine akasema wakimpisha huyu, kesho kila aliyevuka atakuwa na msiba. Mama mmoja mtu mzima, aliyekuwa wa pili kutoka mbele na ambaye angepoteza zamu yake, akauliza tu, "Wanaokuja kukupa pole leo, wanakunywa maji ya wapi?" Akavuta debe lake pembeni. Wengine wakavuta ya kwao.

Niliandika ukurasa mzima na kwa mara ya kwanza sikujua niuandike katika daftari gani. Uliingia kwenye yote. Nikampelekea Mkalimani nikijiona nimemaliza chuo. Akausoma mara mbili. "Huyu mama aliyeuliza," akasema, "umemuuliza kwa nini aliuliza?" Sikuwa nimemuuliza. Akanirudisha bombani.

Likizo hiyo hiyo ndipo mjomba aliponiita kwake Lisekese, karibu na Masasi.

Kwetu, upande wa mama, mtoto ana baba lakini neno la mwisho ni la mjomba. Baba yangu alilijua hilo na alikuwa akilifanyia mzaha. "Mimi hapa nimepanga tu," alisema. Mjomba wangu alikuwa kaka pekee wa mama na mimi nilikuwa mtoto pekee wa mama, kwa hiyo hesabu yake ni rahisi: hakuwa na mpwa mwingine duniani. Nilipokuwa mdogo nililala kwake kila msimu wa korosho, akinichagulia mabibo matamu. Sasa alikuwa amesikia kwamba ninasoma kitu kisicho na darasa wala zahanati wala shamba, na alikuwa na la kusema. Akisema niache, nitaacha. Ningehamia chuo cha ualimu Masasi, na mambo yangekwisha hapo. Mama asingenifungia hata begi kinyume cha neno la kaka yake, na mimi, kwa ukaidi wangu wote, nisingethubutu.

Mjomba alijua Kiswahili vizuri mno. Alikuwa akinitania nacho. Lakini shauri la ukoo hulisema kwa Kimakua, na Kimakua changu mimi, mtoto wa karani, kilikuwa cha kuombea maji na kuitikia salamu. Mama akamwomba Mkalimani afuatane nasi. Tukaenda watatu. Mkazamjomba alikuwa jikoni anapika, mlango wazi, anasikia kila kitu. Mkalimani akapewa kiti, akakisogeza nyuma.

Nilisema langu kwa Kiswahili. Nikaeleza madaftari, bomba, yule mama na fomu. Mkalimani akalipeleka neno kwa neno kwa mtu ambaye alikwisha kulisikia, na mjomba akalisikiliza mara ya pili kwa heshima, kana kwamba ni jipya. Kisha mjomba akasema. Hakusema kirefu. Sauti yake ilishuka mwishoni, na mama akaangalia mkeka.

Mkalimani alichelewa. Katika miaka yote niliyomfahamu sikuwahi kumwona akichelewa. Nilidhani ni uchovu wa njia.

"Mimi ni mjomba wake," akasema hatimaye. "Nasema aende. Asome mpaka mwisho. Ila asisahau njia ya kurudi."

Mjomba akamtazama. Akamtazama sana. Mama hakuinua uso, na kule jikoni mwiko ulinyamaza. Halafu mjomba akatoa kiko chake, akakigonga kwenye kiganja, akasema neno fupi.

"Mimi ni mjomba wake," akasema Mkalimani. "Chakula kiko tayari."

Nilikula siku ile kwa furaha ambayo sijaisahau. Wengine walikula kimya, nikadhani ni adabu.

Nilirudi chuo. Nikasikia kwa barua kwamba Mkalimani ameacha mahakama. Waliosema ni ugonjwa walisema, waliosema kagombana na hakimu walisema. Alihamia Nanganga, barabarani, akawa mpima korosho kwenye ghala, mtu wa mizani. Mama kila barua alimalizia, "Usisahau kumsalimia Mkalimani," kwa mkazo ambao sikuuelewa, na mimi nilimsalimia, na kumtumia nakala ya kila insha niliyoiandika. Zilirudi na maswali pembezoni kwa kalamu ya risasi. Insha yangu ya mwisho, iliyohusu mto Ruvuma na watu wa pande zake mbili, ilirudi na maswali arobaini na moja. Msumbiji ilipopata uhuru wake mimi nilikuwa tayari nimeajiriwa, na haikupita miaka mingi nikapelekwa kufanya kazi nje ya nchi, katika ofisi ambayo kazi yake yote ni kusikiliza watu wa mataifa wakisema wasichomaanisha. Mjomba alifariki nikiwa huko. Barua ilinifikia arobaini yake imekwisha kusomwa.

Mara ya mwisho kumwona Mkalimani ilikuwa Nanganga, asubuhi, nikiwa safarini kwenda Lisekese kuona kaburi ambalo nilikuwa nimeliahirisha miaka. Alikuwa kizee, macho yamefifia, mkewe ameshatangulia. Aliijua sauti yangu kabla sijamaliza shikamoo.

"Marahaba, Binti Karani. Mama yako hajambo?"

"Hajambo. Anasema nisipokupitia nisirudi kwake."

Akapapasa kigoda chake, akakaa. Kisha akauliza kama nimewahi kuambiwa, nikasema kuambiwa nini, naye akashika magoti yake.

"Mjomba wako siku ile hakusema uende."

Nikaweka mkoba wangu chini.

"Alisema hapana. Nami nilikuwa nimekula kiapo kwa Msahafu miaka kumi na tano kwamba nitatafsiri kweli. Jumatatu yake nikaletewa Msahafu niape kama kawaida. Mkono haukwenda."

Chumba kizima pale Lisekese kilikuwa kimeelewa, mjomba, mama, hata mkazamjomba na mwiko wake. Aliyekuwa hajui kinachoendelea ni mmoja tu, msomi wa mahusiano ya watu. Nilihisi aibu, kisha hasira, na sikujua hasira yenyewe nimwelekeze nani.

"Kwa nini ulifanya hivyo?"

"Nilitaka kujua mwaka wa pili kuna nini," akasema. Alisema kwa haya, kama mtu aliyekamatwa akiwa na mbuzi wa watu. "Madaftari yale. Nilitaka yaje mengine."

"Na mjomba alisikia. Kwa nini hakukukanusha?"

"Nilimwachia nafasi. Alinitazama, nawe uliona. Hakukanusha. Labda alikubali. Labda alinionea haya mbele ya dada yake. Nimeliuliza swali hilo miaka yote na hakuna wa kulijibu."

Nikamwomba anitafsirie sasa, kama ilivyotakiwa siku ile. Hakuniuliza nina hakika. Alinyoosha mgongo, akasogeza kigoda chake nyuma kiasi cha unyayo mmoja, na sauti yake ikawa ile ya mahakamani.

"Mimi ni mjomba wake. Nasema hapana. Dada yangu kazaa mmoja, na mimi sina mpwa mwingine. Anayesomea mataifa yote ataitwa na mataifa yote. Siku yangu ikifika atakuwa mbali, na mimi nani atanitupia udongo? Asome ualimu hapa Masasi, awe anakuja kwangu Jumamosi. Nampenda huyu mtoto. Nimemaliza."

Nililia mbele yake na sikujificha. Yeye hakunibembeleza, alikaa vilevile, uso ameuelekeza upande wa Masasi, mikono magotini. Ikanichukua muda kuelewa kwamba alikuwa bado kazini. Alikuwa anasubiri jibu langu.

"Mwambie," nikasema, "nimekuja."

Akalisema kwa Kimakua, kuelekea Lisekese. Kimakua changu bado ni kidogo, lakini kilitosha kujua kwamba hakuongeza neno.